Vibarua na Wenye Kazi

1

Kibarua nambari mia nne na tisa kilirudi kutoka kazini kikiwa kimechomwa.

Nasema kimechomwa, cheka ukitaka. Hata mimi nilicheka. Nimekuwa fundi wa vibarua miaka kumi na miwili, na nimevipokea katika kila hali: vimetafunwa mabawa na mijusi, vimeviringishwa na buibui kama kitafunio cha baadaye, kimoja kilirudi na ushanga wa mtoto umekwama tumboni na hadi leo sijui ulifikaje. Lakini hiki kilikuwa kimekaa kwenye kichanja chake kizima kabisa, bawa juu ya bawa, na kwenye mpira laini wa shingo yake palisimama kitu cheusi chembamba kuliko unywele. Nilikivuta kwa koleo. Kilikuwa na kijifuko mwishoni, kimekauka.

Mwiba wa nyuki.

Nilikaa chini. Nilikuwa na miaka tisa mara ya mwisho kuuona, ukiwa kwenye kope yangu, nyumbani kwetu Kisarawe, na mama akiukwangua kwa kucha huku akinigombeza kama vile mimi ndiye niliyemchoma nyuki. Miaka miwili baadaye nyuki wakaisha. Hawakuondoka kwa kelele. Watu walikuja kugundua pale maboga yalipochanua, yakachanua tena, halafu maua yakaanguka chini makavu bila kuacha hata boga la ukubwa wa ngumi.

Ndipo Kampuni ikatuletea hivi vidude. Wenyewe wanaviita kwa jina refu lenye nambari ndani yake. Sisi wa kijiji cha Kisanjala tunaviita vibarua, kwa sababu vinakuja asubuhi, vinafanya kazi ya mwenzao, vinaondoka jioni, na hakuna anayetarajia vimwachie chochote. Kibarua kimoja ni kidogo kuliko punje ya karanga. Tumboni kina nywele za nailoni zenye chaji kidogo ya umeme, chavua inazirukia yenyewe, ua linalofuata linapakwa. Kina jicho, na ndani ya jicho kina orodha ya maua: alizeti, boga, tikiti, tango, embe. Ua lisilo kwenye orodha, kwake ni jiwe. Kinalipita.

Na kitu chochote chenye mabawa kisicho kwenye orodha kinapigwa picha.

Niliwasha kishikwambi nikiwa najua nitakachokiona. Mia nne na tisa kilikuwa kimeleta picha moja yenye ukungu, na chini yake maneno mekundu: *Mdudu asiyesajiliwa. Fundi athibitishe au akanushe ndani ya siku tatu.*

Ngoja nikueleze maana yake. Ukithibitisha, kinakuja kikosi cha wafukizaji na kuua kundi lote, kwa maelezo kwamba nyuki wa porini wana ukungu unaoziba nywele za vibarua. Labda wanao. Labda pia mwenye vibarua hapendi kuona wenye kazi wamerudi. Ukikanusha, kibarua kingine kitapita palepale, kitapiga picha nyingine, na hapo hakuna wa kuulizwa tena: vibarua vyote vinafungiwa ghalani siku arobaini kwa uchunguzi. Ukinyamaza, vivyo hivyo.

Alizeti huchanua wiki mbili. Mahindi yalishatugomea tangu mvua zianze kuja kwa kujisikia, kwa hiyo alizeti ndiyo tunayobadilishana na unga. Na alizeti ya Kisanjala ilikuwa ndiyo kwanza inafumbua macho.

Nilishawahi kuishi siku arobaini za namna hiyo, kijiji kingine, nikiwa fundi mpya. Mwaka ule tulizika watoto wengi. Mmoja wao alikuwa akiniita mama.

Mwiba nikautia kwenye kiberiti kitupu, nikafuata njia kiliyopita mia nne na tisa.

2

Njia ilinipeleka msituni, mwendo wa saa mbili. Mgeni akiuona msitu wetu anausifu, kwa sababu haangalii chini. Juu miti ni mikubwa, mtundu, mninga, muba, imesimama kwa heshima zake. Chini hakuna kitu. Hakuna mche hata mmoja. Vibarua havina habari na muba, haumo kwenye orodha, basi muba unachanua kila mwaka kama bibi harusi aliyeachwa kwenye mkeka. Ni msitu wa wazee watupu wasio na mjukuu, na kila mmoja akianguka, pengo lake linabaki kuwa jua.

Nilikuwa natembea na mawazo hayo nikakanyaga kitu kikanyumbuka. Nikainua mguu. Majani mawili, urefu wa kidole. Pembeni yake mengine. Nilizunguka muba ule wote na miche ilikuwa imeota kama vile kuna mtu aliyeipanda kwa mkono.

"Ukikanyaga mwingine nitakukata huo mguu, mla nazi wee," sauti ikasema kutoka juu.

Nilimjua kabla sijainua macho. Kalunde, binti Mihayo, amekaa kwenye tawi na kamba kiunoni, umri wake hamsini kama wangu. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, na asiyejua watani nimwambie: babu zake walibeba mizigo ya watu hadi pwani, babu zangu wakawapokea kwa matusi, na tangu hapo hatujawahi kuambiana neno la adabu. Nikifika kwake naingia hadi jikoni, nafunua chungu, nasusa. Akifika kwangu anatwaa kanga kwenye kamba na kuondoka nayo. Hakuna kukasirika. Ukikasirika umeshindwa.

Nikamwambia mpagazi akipanda mti ni kwa sababu amesahau alipotua mzigo. Alishuka polepole, akanishika mkono, akanisogeza hadi nikausikia.

Sijui niuelezeje ule mlio. Vibarua vinalia sauti moja, kama friji. Huu ulipanda na kushuka, ulikuwa na watu ndani.

Mzinga ulikuwa wa gogo, wa kizamani, umefungwa juu kwenye panda. Alinisimulia kwa sauti ya chini. Baba yake, Mzee Mihayo, mrina asali wa zamani na mgonjwa wa kifua, aliwasikia mwaka jana mwanzoni mwa mvua ndani ya mtundu uliooza, akadhani ni masikio ya uzee. Alichonga mzinga kwa siku kumi na saba, akikohoa, akaupaka nta kuukuu aliyokuwa ameificha kwenye pembe, akauning'iniza. Wakaingia wenyewe. Tangu hapo hawajakata sega hata moja. Mzee alimwambia bintiye kwamba nyuki hawa wana kazi ya kuupatia msitu watoto, na mtu haibi chakula cha mkunga.

Kisha akaniambia jambo jingine. Kundi lilikuwa linajiandaa kugawanyika. Walikuwa wameshajenga vyumba vya malkia mpya. Siku kumi zaidi wangekuwa makundi mawili, na moja angelipeleka ng'ambo ya mto, ambako hakuna kibarua wala shamba.

Nilitoa kiberiti nikamwonyesha mwiba. Nikamweleza picha, siku tatu, ghala, wafukizaji. Nilieleza bila mzaha hata chembe, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuniona uso wangu ulivyo.

"Siku tatu hazitoshi," akasema. "Nikiwashusha sasa wakiwa na vyumba vile, malkia wachanga wanakufa."

"Na alizeti ikikosa vibarua?"

Akageukia upande wa kijiji. Alikuwa na wajukuu wanne, mimi nawajua kwa majina.

"Utafanyaje, Sikudhani?"

"Sijui. Lakini kabla sijafanya lolote nitakuja nikwambie."

"Usinitanie."

"Sikutanii," nikamwambia.

3

Sikumwambia.

Siku mbili nilikizunguka kile kishikwambi kama kuku anavyomzunguka nyoka. Nikienda dirishani naona mashamba, manjano yameanza kupasuka huku na huku, na akina mama wanapita wakiniuliza vibarua vinaendeleaje, wananitania kwamba waume zao wangefanya kazi nusu ya vile wangekuwa matajiri. Nikienda kitandani nausikia ule mlio.

Siku ya tatu asubuhi nilibonyeza *Thibitisha*.

Nilikuwa na hesabu yangu, ya kijanja, kama hesabu zote za watu wanaotaka kula na kubakiza. Jibu la Kampuni lilisema kikosi kitafika ndani ya saa arobaini na nane. Nikasema vizuri. Jioni nitakwenda kwa Kalunde, atanitukana, kesho yake giza likianza kuingia na nyuki wote wakiwa ndani tutaushusha mzinga, tutaubeba ng'ambo ya mto. Malkia wachanga watakufa, lakini mkubwa atapona. Wafukizaji watakuta tawi tupu. Vibarua vitabaki shambani. Kila mtu atapata nusu ya anachokitaka.

Na kwa nini sikwenda kwanza halafu nikabonyeza? Ningekudanganya kama ningesema muda ulinibana. Nilijua nikimtazama usoni sitabonyeza.

Saa kumi jioni nilikuwa njiani kwenda kwake. Kabla sijafika kwenye mhogo wa uani nilisikia yowe, halafu mayowe mengi. Mzee Mihayo alikuwa amefariki baada ya chakula cha mchana.

4

Huwezi kumwita mfiwa pembeni. Kalunde alikuwa ameketishwa ndani, kwenye mkeka, katikati ya wanawake, na mlangoni alikaa shangazi yake, Mwashi, mama mwenye kifua cha ukuta. Nilijaribu usiku ule na kesho yake asubuhi. Kila nikimwambia nina neno na Kalunde, Mwashi ananiambia watani tunajulikana, tunataka kumdai mfiwa sabuni ya kunawia machozi, ningoje zamu yangu.

Kwa sababu mtani msibani ana kazi. Anakuja kufanya fujo. Analala kwenye kitanda cha marehemu, anaficha jembe la kuchimbia kaburi, anavaa nguo za aliyekufa na kutembea kama yeye, mpaka wafiwa wacheke hata wasipotaka. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi na naifanya vizuri. Huwa wanatuma niitwe.

Saa tano asubuhi kishikwambi kikatetemeka kiunoni. *Kikosi kimewahi. Eneo litafukizwa leo saa nane mchana.*

Nilitazama watu waliojaa uani. Siwezi kupanda mti. Sijui kufunga ile kamba, mzinga ule unataka watu wawili na mmoja awe mjuzi. Nyuki wangekuwa nusu yao wako nje, kweli, lakini malkia huwa yuko ndani, na penye malkia kuna mwanzo. Mwendo ni saa mbili. Tukiondoka muda ule tungewahi.

Nikamwambia Mwashi nataka kumwigiza marehemu. Hapo uso wake ukafunguka. Akanipisha mwenyewe.

Koti la Mzee Mihayo lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, lile zito la kurinia asali, linanuka moshi wa miaka hamsini na nta kidogo, nta mbichi. Nikalivaa. Nikavaa na kofia yake. Nikatoka chumbani nikiwa nimeinama, mkono kiunoni, nikikohoa kile kikohozi chake cha vipande viwili, na nyumba nzima ikapiga kelele ya kicheko. Mwanamke mmoja akalia palepale, kwa jinsi nilivyompatia.

Nilimwendea Kalunde kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nikapiga goti mbele yake.

"Binti yangu," nikasema kwa sauti ya baba yake, kwa sababu koti lake lilikuwa mwilini mwangu na sauti ikatoka yenyewe. Halafu nikasema kwa yangu: "Kalunde. Wanakuja kuwaua nyuki wenu leo, saa nane. Twende sasa hivi."

Wakacheka. Nyuki! Vijana waliokuwa mlangoni, ambao nyuki wamemwona kwenye kitabu cha shule, ndio waliocheka zaidi. Mzee wa watu amekufa na nyuki wake kichwani.

"Sitanii," nikasema. "Nimethibitisha mimi mwenyewe. Jana asubuhi nilibonyeza. Nilikuahidi na sikuja. Inuka."

Na machozi yakanitoka. Ndiyo yaliyoniangamiza. Kila aliyewahi kuhudhuria msiba wa watani anajua kwamba mtani akilia, ndipo utani umefika penyewe. Mwashi alikuwa anajishika mbavu. Mtu akanipigia makofi. Nilimvuta Kalunde mkono, wakasema tazama anavyotaka kumwiba mfiwa, wakanishika koti, nikaanguka, wakacheka tena.

Nikamtazama Kalunde usoni. Yeye peke yake ndani ya nyumba ile alijua mzinga upo. Nilingoja aelewe. Midomo yake ilitetemeka, na kwa mara ya kwanza tangu baba yake akate roho, Kalunde akacheka. Alicheka mpaka akaniegemea begani, akanipigapiga mgongoni, akaninong'oneza:

"Asante, mla nazi. Hata hilo la nyuki umekumbuka. Angelipenda."

5

Nilitoka mbio peke yangu na lile koti. Nilikuwa nimefika kwenye miti ya kwanza wafukizaji waliponipita juu: watatu, mashine za kuruka ukubwa wa masufuria ya shughuli, wanalia sauti moja. Sikusimama. Sijui nilikuwa nakimbilia nini.

Msibani nao waliwaona. Baadaye niliambiwa kwamba Kalunde aliuliza ni nini vile, kijana mmoja akajibu ni wafukizaji, akauliza ni saa ngapi, akaambiwa inakaribia nane. Akainuka. Mwashi alipomshika alimsukuma chini, na wanawake waliozoea kuona mengi wanasema hawajaona mfiwa akikimbia hivyo.

Alinikuta nimekaa chini ya muba. Moshi ulikuwa umeshatawanyika, umebaki ule unukao kama dawa ya mbu. Mzinga ulikuwa palepale juu, haukuungua, haukuvunjika. Kazi yao ni safi. Chini yake nyuki walikuwa wameanguka wengi mpaka miche haionekani, na wachache waliokuwa bado malishoni walikuwa wanarudi mmoja mmoja na chavua miguuni, wanatua kwenye mlango wa mzinga, wanaingia, hawatoki.

Kalunde alisimama mpaka wakaisha kurudi. Kisha alipiga magoti, akatandika kanga, akaanza kuwakusanya kwa viganja, taratibu, akiipisha miche vidole. Nilisogea kumsaidia.

"Acha."

Nikaacha.

"Uliniambia," akasema bila kunitazama. "Ulikuja mbele ya watu ukaniambia, na mimi nikakucheka."

"Nilichelewa kukwambia. Kosa ni langu."

"Ndiyo. Ni lako." Akafunga pembe za kanga. "Utani wetu tumeuzika leo, Sikudhani. Kuanzia sasa ukisema kitu, nitakuamini."

Saa kumi na mbili jioni walimzika Mzee Mihayo. Nilipaswa kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka nipewe changu. Watu walikuwa wananitazama, wanangoja, wengine wameshaanza kutabasamu. Nilisimama nyuma na koti mkononi. Zamu ya bintiye ilipofika kutupa udongo, alifungua kanga akamimina. Nyuki walishuka bila kishindo, wepesi, kama makapi. Waliokuwa karibu walidhani ni mbegu.

6

Msimu ule alizeti ilijaa. Vichwa viliinama kwa uzito, vibarua vilifanya kazi bila kupumzika, unga ulipatikana, na hakuna mama wa Kisanjala aliyemzika mtoto kwa njaa. Nalisema hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu nikiwa nimelala naliambia dari. Kampuni ilinitumia pongezi. Msituni muba ulichanua tena, mweupe, wa kupendeza, na maua yakaanguka makavu. Nilikwenda kuitazama ile miche. Mingine imeliwa na swala. Iliyobaki nimeizungushia miiba, na kwa sasa inanifikia kifundo cha mguu.

Kiberiti ninacho bado, dirishani, juu ya vichanja. Nyuki akichoma hufa, hilo mama aliniambia wakati akinikwangua kope. Huyu wa mwiba huu alikitokea kibarua mbele ya mlango wa kwao, akakichoma kwa nguvu zake zote, akafa. Na mia nne na tisa hakikusikia kitu. Kilirudi, kikajipanga kichanjani, kikaleta picha.

Kalunde hupita mbele ya karakana yangu kila Jumatatu akienda mnadani. Kanga zangu zipo kwenye kamba, hazijaguswa. Nimekuwa nikiacha chungu wazi jikoni, mlango wazi, na nikimwona anakuja naweka kazi chini, nasimama pale ambapo hawezi kukosa kuniona. Hakuna tusi ambalo nisingelipokea. Ningeitwa mla nazi, mtumwa, muuza mashamba ya babu yake kwa ngoma, ningelipokea kwa mikono miwili.

"Habari za asubuhi, fundi," husema.

"Nzuri, Kalunde."

"Za kazi?"

"Njema."

"Haya. Siku njema."

Na hupita, kwa adabu kabisa.